Namna ya Kuipiga Picha Kisangani Bila Kuizika

Kisangani imezikwa mara nyingi na watu wenye kamera nzuri. Mgeni anashuka uwanja wa Bangoka, analala hotelini, asubuhi anatoka kutafuta ukuta uliotobolewa na risasi. Akiupata anasubiri mtoto apite peku mbele yake, anabonyeza, anaondoka. Chini ya picha anaandika habari za mji uliomezwa na msitu. Nyuma ya ukuta ule ule fundi cherehani amekaa anashona sare za shule, na pembeni yake mama anauza mikate. Hao hawakuingia kwenye picha, kwa sababu maziko hayapendi kuona marehemu akifanya kazi.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kufanya kinyume: kuupiga picha mji huu siku hadi siku, jengo kwa jengo, la kale na la juzi, pamoja na watu walio ndani yake. Simu yenye kioo safi inatosha. Zaidi ya simu utahitaji miguu, daftari, subira na adabu. Nitakutania njiani, ndugu msomaji, lakini kila ninalokuagiza nataka ulifanye.

Siku ya kwanza: kamera ibaki chumbani

Siku hii ni ya karatasi na salamu. Nenda kwa wakuu wa jiji na wa utalii, eleza unachotaka kupiga na wapi, utoke na barua yenye jina lako, muda wako na muhuri. Muhuri ndio barua. Maneno yaliyo juu yake ni mapambo. Toa nakala nyingi kuliko unavyofikiri, maana moja itabaki kwa mkuu wa mtaa, nyingine itaombwa na askari aisome vizuri, na akiisoma vizuri ataipenda, hutaiona tena.

Kisha jua usiyoruhusiwa. Viwanja vya ndege, yaani Bangoka na Simi-Simi, bandari, daraja la mto Tshopo na bwawa la umeme la hapo, kambi, gereza, vituo vya polisi: vyote hivyo usivielekezee kamera bila idhini ya pekee. Droni usiibebe kabisa. Hapa watu hawatazami juu kwa raha. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Simi-Simi kutoka ndege za Marekani, kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Mwaka 1966 na 1967 yakaja maasi ya majeshi na mamluki. Machi 1997 waliingia waasi wa AFDL. Mwaka 1999 na 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mitaa. Mtu aliyepitia hata nusu ya hayo akikuona umesimama mbele ya nyumba yake unapima pembe na kuandika kwenye daftari, ana haki ya kukuuliza wewe ni nani. Askari anayekuuliza naye ana haki hiyo. Usimwite msumbufu.

Salamu basi. Mzee aliyekaa barazani ni papa, mama ni mama hata kama ni mdogo kuliko dada yako, na anayekuzidi umri kidogo ni yaya. Utaulizwa hivi: “Papa, unapiga foto ya nini?” Jibu linalofungua milango ni jina la jengo. Ukisema “napiga nyumba ile” umefungwa nje. Ukisema “napiga Posta, nataka ionekane na hizo nguzo zake” utaletewa kiti. Na kama jina hulijui, liulize. Hakuna Mboyoma, yaani mwenyeji wa Kisangani, asiye na maoni juu ya jengo lililo mbele ya macho yake.

Siku ya pili: jifunze jua linavyokwenda

Mji upo karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Jua linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na machweo ni mafupi mno; wale waliozoea kusubiri mwanga wa dhahabu kwa saa nzima huko Ulaya watakuta giza limeshaingia kabla hawajafungua mkoba. Una kama saa mbili nzuri asubuhi na mbili jioni. Katikati ya hapo jua liko utosini, paa linamwaga kivuli chake juu ya ukuta wote, na mlango unakuwa shimo jeusi. Saa sita mchana kula lituma, yaani ndizi za kuponda, na samaki.

Jambo ambalo wageni hawaliangalii: Mto Kongo unapita upande wa kusini wa mji, na sehemu kubwa ya mji iko ukingo wa kulia. Kwa hiyo majengo yanayotazama mto yanatazama kusini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi karibu tarehe 20 Machi, jua linatembea upande huo wa kusini na kuyamulika nyuso. Kati ya Machi na Septemba linahamia kaskazini, nyuso za mtoni zinabaki kivulini, na migongo ya majengo hayo hayo inapata zamu yake. Jengo moja basi linataka kutembelewa mara mbili kwa mwaka. Anayekuja kwa siku tatu mwezi Julai na kuandika kwamba ukingo wa mto ni wa huzuni, ameandika habari za kalenda.

Mvua inazidi milimita 1,600 kwa mwaka na hakuna mwezi usio nayo. Iheshimu, kisha itumie. Nusu saa baada ya mvua kubwa vumbi limelala, ukuta umeoga, lami ina kioo, na anga imepasuka mawingu badala ya kuwa shuka jeupe. Siku ambazo anga ni shuka jeupe, ipunguze kwenye fremu, ongeza ukuta. Na usitoe kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaifungua barabarani papo hapo, itajaa jasho. Iache ndani ya mkoba mpaka izoee joto. Unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya lenzi, hivyo hifadhi vifaa kwenye kasha linalofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Betri nazo chaji kila unapopata umeme, usingoje ziishe. Umeme wa Kisangani una ratiba yake.

Makiso, na polepole

Komini ya Makiso ndiyo katikati ya mji, na hapa ndipo nitakuweka siku nyingi, kwa sababu hapa ndipo watu wanakosea zaidi.

Mpelelezi Stanley alipita kwenye maporomoko ya Mto Kongo yaliyo hapa mwaka 1877, akarudi Desemba 1883 kuweka kituo, akamwacha Mskoti mmoja, Andrew Binnie, akilinde. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikubali kuwa gavana wa eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwandishi Joseph Conrad alifika kwa meli ya mvuke mwaka 1890. Zama za Waungwana, yaani Waswahili waliofuatana na Tippu Tip, zimeacha kitu kisichoingia kwenye kamera, nacho ni Kiswahili hiki kinachosemwa sokoni, pamoja na Uislamu ambao bado una misikiti yake mjini. Wamisionari wa Moyo Mtakatifu walifika na padri Gabriel Grison mwaka 1897, na kazi yao ndiyo mwanzo wa Kanisa Katoliki hapa, lenye kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari karibu na mto.

Lakini mwili mkubwa wa katikati ya mji, zile ghorofa na maduka marefu yenye vivuli, ni mtoto wa miaka ya 1950. Ubelgiji ilikuwa na Mpango wa Miaka Kumi, 1949 hadi 1959, na pesa za baada ya vita zilijenga kwa zege. Jifunze kuisoma zege hiyo kabla ya kuipiga. Angalia safu ya nguzo inayobeba ghorofa ya kwanza ili mpita njia atembee kivulini na asilowe. Angalia vibao vya zege vilivyosimama mbele ya madirisha kukata jua. Angalia kuta za matofali yenye matundu, zinazoruhusu upepo na kuzuia macho. Hayo hayakuwa madoido. Yalikuwa majibu ya joto na mvua kabla ya kiyoyozi kuwa jambo la kawaida, na hadi leo yanafanya kazi bila kulipiwa bili.

Namna ya kuyapiga: vuka barabara, rudi nyuma hadi mgongo wako uguse ukuta wa ng’ambo, shika simu wima bila kuiinamisha juu, kwa maana ukiiinamisha mistari ya jengo inaanguka kinyumenyume na ghorofa inaonekana imelewa. Usitumie lenzi pana ya simu. Inavuta kona na kusema uongo juu ya ukubwa. Kama jengo haliingii lote, liache lisiingie. Piga kipande chake kwa ukweli. Kisha subiri. Toleka, yaani baiskeli ya abiria, ipite, mwenye duka afungue mlango, mtu asimame chini ya kivuli akinunua vocha. Hapo utaona nguzo zile zilijengwa kwa kazi gani, na kwamba kazi hiyo haijakoma.

Sasa neno gumu ambalo picha nzuri za mtindo huu hulikwepa. Mji huu wa vivuli haukujengwa kwa ajili ya wote. Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa enzi za ukoloni, iligawanywa: Wazungu mtoni, Waafrika katika makazi yaliyotengwa, na usiku Mwafrika alihitaji ruhusa kuwepo upande wa Wazungu. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji uliopangwa hivyo, mpaka alipokamatwa mwaka 1956. Oktoba 1959 aliwahutubia watu hapa, ghasia zikazuka, akakamatwa tena. Baada ya kuuawa kwake mnara wake uliwekwa katikati ya mji, na mwaka 1964 mbele ya mnara huo waasi waliwachinja watu kwa jina lake. Ukisimama Makiso na kupiga ghorofa ya mwaka 1955 ukaiita ya kupendeza, uko sahihi, ni ya kupendeza. Andika pia nani hakuruhusiwa kulala karibu yake.

Guy Tillim wa Afrika Kusini alipiga majengo ya aina hii, ya Kongo na ya nchi nyingine za Afrika, katika kazi yake ya Avenue Patrice Lumumba iliyotoka mwaka 2008. Zitazame picha zake ukizipata. Hazilii. Anaziona ofisi kuukuu zikiwa ofisi, na makarani wakiwa makarani.

Wagenia, mafundi wasiohesabiwa

Kila mgeni hupelekwa kwenye maporomoko ya Wagenia, na kila mgeni hurudi na picha ile ile ya mvuvi amening’inia na kikapu. Nami nakupeleka huko huko, ila uende ukiwa mpiga picha wa majengo. Kile unachokiona ni ujenzi. Miti mirefu imesimikwa kwenye matundu ya mwamba katikati ya maji yanayokimbia, miti imefungwa kwa kamba za porini kuwa miguu inayoshikana juu, na kutoka hapo vinaning’inia vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, mdomo ukitazama mkondo. Maji yanasukuma samaki ndani. Hakuna msumari. Mto ukipanda huvunja, watu hujenga tena. Stanley alipofika mwaka 1877 aliwakuta Waenya, ndio hao Wagenia, wakiishi na kuvua hapa, na akapigana nao.

Piga vifundo. Piga mguu wa mti unapoingia kwenye mwamba. Piga mikono inayofunga, kwa idhini ya mwenye mikono, na kabla ya yote onana na wakuu wa kijiji mkubaliane malipo. Hiyo ni ada yao halali kama tiketi ya jumba la makumbusho. Na ile miguu mitatu ya kamera uliyoibeba kutoka ng’ambo, iegeshe pembeni. Mbele ya miguu ya Wagenia itaona aibu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu orodha za majengo ya Kisangani huanza na Wabelgiji, kama kwamba kabla yao watu walilala hewani. Albamu yako ya mji ianze hapa, ukurasa wa kwanza.

Ng’ambo

Komini sita za mji ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, na ni Lubunga peke yake iliyo ukingo wa kushoto. Vuka kwa mtumbwi asubuhi, kaa kimya, weka kamera chini hadi mfike. Huko ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Ponthierville, sasa Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyazunguka maporomoko ambayo meli haziwezi kuyapita; ni kilomita zipatazo 125. Reli ile ndiyo sababu Kisangani ikawa mji mkubwa badala ya kituo: mzigo uliopanda mto kutoka Léopoldville, sasa Kinshasa, ulishuka hapa, ukavuka, ukapanda garimoshi.

Lubunga pia ndiko Studios Kabako ya mcheza dansi Faustin Linyekula, akifanya kazi na msanifu Bärbel Müller, walikojishughulisha na swali la maji safi na nafasi ya watu kukutana. Kwangu mimi hapo ndipo usanifu wa kisasa wa mji huu unapaswa kutafutwa, zaidi ya katika vioo vya bluu.

Vioo vya bluu navyo vipige. Majengo mapya yenye ngozi ya alumini yanaongezeka, na mpiga picha wa kweli hachagui tu anachokipenda. Hukumu yangu ni kwamba mengi yamesahau waliyoyajua mafundi wa 1955: hayana kivuli, hayana upepo, jenereta ikizimwa watu wanatoka nje. Lakini baada ya miaka arobaini mtu atataka kujua yalikuwaje siku yalipofunguliwa, na wewe ndiye uliyekuwepo.

Usisahau kuta za almasi. Biashara ya almasi ilipoachwa huru mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba za wanunuzi zilijaa Kisangani, na wachoraji wa mjini walizipamba mbele kwa rangi kali: jiwe kubwa linalotoa miale, jina la tajiri, wakati mwingine mzani, wakati mwingine noti. Rangi inafifia, mwenye nyumba mpya anapaka juu yake. Hizi ndizo zinazopotea haraka kuliko zege yoyote, na mvua haiziogopi. Kama una wiki moja tu mjini, toa siku mbili kwa kuta hizo, piga kila moja kutoka mbele, iliyonyooka, na moja ya karibu kuonyesha saini ya mchoraji kama ipo.

Mangobo, Kabondo, Tshopo: omba albamu

Kwenye makazi ya watu, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, au ya udongo na majani, haina jina kwenye kitabu chochote cha usanifu. Hapa weka kamera chini tena na uombe kitu kingine: albamu ya familia.

Picha nyingi za majengo ya Kisangani hazikupigwa na wapiga picha wa majengo. Ni picha za harusi, komunyo ya kwanza, cheti cha shule, mtoto na baiskeli mpya. Nyuma ya bibi harusi kuna mlango, nyuma ya mlango kuna baraza, pembeni kuna mwembe na kona ya duka la jirani. Keti na mama mwenye albamu, muulize hapa ni wapi, mwaka gani, nani alijenga. Atakuambia mtoto yule sasa ni mwalimu, halafu atakuambia bati lile lilinunuliwa kwa pesa gani. Piga nakala ya picha palepale mezani, kivulini, bila fleshi. Kisha, akikubali, toka naye nje, simama aliposimama mpiga picha wa zamani, upige tena. Sammy Baloji wa Lubumbashi alifanya jambo la jamii hiyo alipounganisha picha za kumbukumbu za mgodi na mandhari ya leo ya mgodi huo huo; huhitaji ufundi wake, unahitaji kupata pembe ile ile.

Picha ya kwanza na ya pili ziwekwe pamoja daima. Ya pili peke yake ni nyumba tu.

Sasa andika

Wengi wakishapiga huona wamemaliza. Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali na nafsi yako kuliko mahali pengine pote. Kila picha iwe na tarehe, komini, avenyu, namba kama ipo, jina la jengo kwa jinsi majirani wanavyoliita, lilijengwa na nani kwa mujibu wa nani, na sasa linafanya kazi gani. Anza jina la faili kwa mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe. Hakikisha saa ya kamera ni sahihi. Wenyeji waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, na asiyetaka, jina lake liachwe.

Nitakuambia kwa nini nang’ang’ania. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani kwa silaha nzito, siku sita. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa kwa viwango mbalimbali, shule 69 zilizopigwa, kanisa kuu kupata madhara, na watu 65,000 kukimbilia misitu ya karibu. Kesi dhidi ya Uganda ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kongo ilidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 11 kwa vita vyote vya miaka ile. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamuru dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 60 kwa maliasili, na 40 kwa mali. Kuhusu mali, Mahakama ilisema ushahidi ulioletwa ulikuwa mdogo mno.

Ushahidi mdogo mno. Nyumba elfu nne, na ni ngapi zilikuwa na picha inayoonyesha zilivyokuwa mwezi Mei? Serikali imeunda mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, wenye makao hapa hapa Kisangani, na watu wamepanga foleni na karatasi walizonazo. Mwenye mji ambao nyumba zake hazikupigwa picha zikiwa nzima anafika mahakamani mikono mitupu. Yule mgeni wa ukuta uliotobolewa alipiga tundu la risasi; hakuna aliyekuwa amepiga ukuta kabla ya risasi.

Ndiyo maana nakukataza kupiga magofu peke yake, na nakutuma kwenye nyumba za kawaida zilizosimama vizuri, zenye nguo kwenye kamba na sufuria mlangoni. Piga kuta nne, siyo uso tu. Piga paa ukiweza kwa kusimama ghorofa ya jirani. Piga mlango, sakafu, kisima, choo, mti wa mpakani. Piga shule na zahanati. Hizo hazitashinda tuzo na hazitatundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho Brussels, na siku moja zinaweza kumlipa mtu bati lake.

Nakala ziwe tatu: moja kwako, moja mahali pa umma panapotunza vitu, kama maktaba ya Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho kipo tangu 1963, na moja ya karatasi kwa mwenye nyumba. Ya karatasi isikosekane. Studio za picha za mjini zinachapisha kwa bei ya kawaida, na mwenye nyumba ataiweka kwenye albamu ile ile aliyokufungulia, baina ya komunyo na harusi, ambako haifutiki simu ikianguka mtoni.

Nawe uliyekulia Kisangani ukahamia Kinshasa, Kampala, Brussels au Montreal: fungua sanduku la wazazi. Ukikuta picha yoyote ya nyumba ya mji huu iliyopigwa kabla ya Juni 2000, hata kama bibi harusi ameziba nusu ya mlango, andika nyuma yake avenyu na mwaka, itolee nakala, na umtumie aliye katika nyumba hiyo leo. Fanya hivyo mwaka huu, wakati wanaoweza kukuambia ni avenyu gani bado wapo.